Chakula cha kuletewa: jinsi mteja wa siri anavyotafuta mahali pa kupokelea

Kazi ya kukagua mgahawa kwa kuagiza chakula cha kuletewa huonekana rahisi mpaka uandike anwani yako kwenye programu na kuambiwa mgahawa huo haufiki kwako. Tawi linalokaguliwa halichaguliwi kwa kuangalia mteja wa siri, yaani mkaguzi anayejifanya mteja wa kawaida, anaishi wapi. Mara nyingi itabidi wewe ndiye uende upande wa tawi, utafute mahali ndani ya eneo lake la huduma, uagize, upokee, upime, upige picha, ndipo urudi nyumbani kuandika ripoti. Hata anayeishi jirani na tawi hufika siku akahitaji mahali pengine, maana anwani ileile ikijirudia kwenye kaguzi za tawi moja, wafanyakazi huanza kuishtukia.

Mahali hapo patafutwe kabla ya kukubali kazi. Ukishaikubali, saa zinahesabika, na mwenye haraka huishia kupokea chakula kwenye kona ya barabara, mfuko mkononi, hana pa kuuweka wala pa kupimia joto. Ripoti ya namna hiyo hukataliwa, na chakula umeshakilipia kwa fedha yako.

Katika maelezo haya, anayeleta chakula tutamwita dereva, awe na gari, pikipiki au baiskeli.

Mistari ya kusoma kwanza

Maelekezo ya kazi huwa na kurasa nyingi, lakini yanayohusu mahali ni mistari michache. Tafuta aina ya anwani inayokubaliwa, namna ya kukabidhiwa (mkononi au kuachiwa mlangoni), njia ya kuagizia (programu ya mgahawa wenyewe, tovuti, simu au kampuni ya usafirishaji), muda unaoruhusiwa kati ya kupokea na kupima joto, na kama oda ina pombe.

Baadhi ya wenye migahawa wanaoagiza ukaguzi hawataki chakula kipokelewe kwenye maegesho wala kupimwa ndani ya gari. Wengine hawajali. Maelekezo yakikaa kimya, muulize mratibu wa kampuni ya ukaguzi iliyokupa kazi, kwa maandishi, tena swali la kujibiwa ndiyo au hapana: "Naruhusiwa kupokelea oda hii nje ya jengo la ofisi badala ya nyumbani?" Ukiuliza tu "Nipokelee wapi?" utaambiwa urudie kusoma maelekezo. Jibu lake lihifadhi, kwa sababu mhakiki wa ripoti mara nyingi si yule mratibu uliyeongea naye.

Oda yenye pombe ina masharti yake. Dereva hutakiwa kuangalia kitambulisho na umri wa anayepokea, na huduma nyingi hazikabidhi pombe mahali pa wazi pa umma. Kazi ya aina hiyo itafutie jengo lenye anwani kamili, na jina la akaunti lifanane na la kitambulisho ulichobeba.

Pima eneo la huduma bila kulipa

Fungua njia ileile ya kuagizia iliyotajwa kwenye kazi. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika: mgahawa mmoja unaweza kufika mbali kupitia kampuni ya usafirishaji na kuishia karibu kupitia programu yake wenyewe, au kinyume chake. Andika anwani unayoifikiria, weka bidhaa moja kwenye kikapu, endelea mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya malipo, kisha acha hapohapo. Ukiishia kuona tu jina la mgahawa kwenye orodha, hujapima kitu. Kuna programu zinazoonyesha mgahawa halafu zinakataa anwani wakati wa kulipa.

Fanya jaribio siku na saa inayofanana na ya kazi. Eneo la huduma si duara lililochorwa mara moja likaisha. Madereva wakipungua, mvua ikinyesha au jikoni kukielemewa, mifumo mingi hulibana, na anwani iliyokubalika saa tisa alasiri hukataliwa saa moja jioni. Ndiyo maana anwani ya ukingoni kabisa haifai hata kama leo imepita. Wala usikimbilie mlango wa pili kutoka mgahawa. Chakula kikitembea dakika mbili, joto lake halimwambii mwenye mgahawa lolote kuhusu safari ambayo wateja wake wa kawaida wanaipata. Kitu cha katikati, safari ya dakika kumi hadi kumi na tano, ndicho cha kulenga pale maelekezo yasipotaja umbali.

Halafu kuna suala la matawi mawili, ambalo huharibu kazi nyingi kimyakimya. Programu ya mgahawa wenye matawi mengi humpeleka mteja kwenye tawi inaloliona la karibu zaidi au lenye nafasi zaidi, na mara nyingine hubadilisha tawi bila kupiga kelele. Unakagua, unaandika, unatuma, kisha unaambiwa risiti ni ya tawi lingine. Kinga yake ni ya kijiografia: angalia kwenye ramani tawi pacha liko upande gani, kisha chagua mahali upande wa pili, tawi lako likiwa katikati. Kwenye ukurasa wa malipo soma anwani ya tawi, maana jina la mgahawa ni lilelile kila mahali, na uipige picha ya skrini. Tawi likionekana kubadilika dakika ya mwisho, usilipe. Mpigie au mwandikie mratibu kwanza.

Mahali panapofaa na pasipofaa

Hakuna panapoishinda nyumba au ofisi ya mtu unayemfahamu. Pana anwani ya kweli, pana mlango, meza, mwanga na umeme. Omba ruhusa waziwazi, taja saa, na chakula chenyewe kinaweza kuwa shukrani kikishapimwa. Usimweleze mwenyeji kwamba unakagua mgahawa. Mikataba mingi ya kazi hii inakataza. "Nitaletewa chakula hapo kwako saa saba, nitakuja kukipokea mwenyewe" inatosha.

Jengo la ofisi lenye mapokezi linafaa, ila lina mtego mmoja: mhudumu wa mapokezi au mlinzi huchukua mfuko kwa niaba yako. Wewe hukumwona dereva, hukusikia alivyosalimia, hujui alibeba mfuko ndani ya begi la kuhifadhi joto au alining'iniza kwenye usukani. Maswali hayo yote kwenye fomu yatabaki matupu. Simama nje ya mlango dakika chache kabla, na kwenye maelezo ya oda andika kwamba uko nje.

Hoteli inafaa ukiwa mgeni wake. Usipokuwa mgeni, uliza mapokezi kabla. Baadhi huruhusu chakula cha nje kifike mlangoni tu, na wahudumu wao hawasiti kumwondoa mtu asiye na chumba. Maktaba na kumbi za jamii zina anwani zinazotambulika na benchi nje, lakini angalia saa za kufunga na kama kula kunaruhusiwa kwenye viwanja vyake. Ofisi za kukodi kwa saa ni nzuri sana ikiwa malipo ya kazi yanabeba gharama ya meza. Mara nyingi hayabebi.

Bustani ya umma inaweza kukuokoa mchana wa kiangazi, kwa sharti moja: upokelee kwenye lango lenye jina, kamwe usipokelee "ndani ya bustani". Ukiandika jina la bustani peke yake, ramani huweka pini, ile alama ya mahali pa kufika, katikati ya nyasi, na dereva atazunguka akitafuta barabara isiyokuwepo.

Maegesho yana faida ya gari kuwa meza yako ya kupimia. Hata hivyo ni mali ya mtu, na kukaa nusu saa ukisubiri mfuko huvuta macho ya walinzi. Yatumie pale tu maelekezo yanaporuhusu, na uchague ya sehemu unayokwenda kupata huduma kweli. Vituo vya mafuta viache: magari yanaingia na kutoka, dereva hana pa kusimama, na wahudumu watakufukuza. Jumba kubwa la maduka nalo lina milango mingi kiasi kwamba dereva na mteja husubiriana pande mbili tofauti. Ukilazimika, chagua mlango wenye namba au duka linalojulikana mbele yake.

Nyumba ya mtu usiyemjua usiiguse, hata kama ni tupu na hata kama utasimama barabarani tu mbele yake. Mwenyewe anaweza kutoka na kumkana mteja mbele ya dereva, chakula kikarudishwa. Na akaunti mpya yenye kadi mpya na anwani isiyo na mkaaji ni mchanganyiko ambao mifumo ya kuzuia ulaghai hupenda kuusimamisha. Lango la hospitali au shule ni afadhali kuliko hapo, japo msongamano wa saa za kutembelea wagonjwa na za kutoka wanafunzi utakula muda wako.

Nenda ukapaone

Ramani haionyeshi geti lililofungwa kwa mnyororo. Fika mahali penyewe, ikiwezekana saa ileile ya kazi, na uangalie vitu ambavyo dereva ataviona: anaweza kusimama bila kuzuia njia? Anaingia kutoka upande gani wa barabara? Kama barabara ina kizuizi katikati, upande usio sahihi humwongezea mzunguko mrefu, na chakula hupoa kwa kosa la mahali ulipochagua. Kisha angalia mahitaji yako: paa dhidi ya mvua, mwanga wa kutosha kupiga picha bila flashi, mtandao wa simu, na sehemu bapa ya kuweka mfuko. Kama ni jioni, angalia pia kama ungejisikia salama kusimama hapo peke yako na simu mkononi. Jibu likiwa hapana, tafuta pengine. Hakuna malipo ya ukaguzi yanayofidia simu iliyoporwa.

Sasa pini. Programu nyingi humwongoza dereva kwa pini, na maneno uliyoandika huyasoma akishafika. Anwani uliyoichapa hugeuzwa kuwa pini na mfumo, na pini hiyo hupenda kuangukia katikati ya kiwanja au barabara ya nyuma. Geuza ramani iwe ya picha za setilaiti, isogeze pini kwa kidole mpaka iwe juu ya mlango au lango halisi, upande wa barabara ambako gari linafika. Usiitegemee simu ikuwekee pini yenyewe ukiwa umesimama kati ya majengo marefu. Chini ya anga wazi simu hukosea kwa takriban mita 5, lakini ishara zikigonga kuta ndefu kosa hukua, na mita 30 zinatosha kukuweka mtaa wa pili. Ukinakili namba za latitudo na longitudo, tarakimu 5 baada ya nukta zinatosha. Hapo unazungumzia kama mita 1.

Jaribio la mwisho ni la dakika tano: jitumie pini hiyo kwenye simu nyingine, nenda mbali kidogo, kisha ifuate kama dereva. Ikikuleta mlangoni, hifadhi. Ikikuleta ukutani, sogeza.

Maelezo kwa dereva yawe mafupi, yaanze na kinachoonekana kutoka barabarani. Haya yanafanya kazi: "Lango la kijani mkono wa kushoto, kabla ya mzunguko. Nasubiri nje, koti jeusi." Haya hayafanyi kazi: "Ukifika piga simu nitakuelekeza." Dereva anayepiga simu anapoteza dakika, na dakika hizo zinaingia kwenye ripoti kama ucheleweshaji wa mgahawa wakati chanzo ni wewe. Wala usiandike maelezo ya ajabu kupita kiasi. Mteja wa kawaida haandiki aya tatu.

Kutoka mkononi mpaka mezani

Mahali pa kupokelea na mahali pa kupimia vinaweza kuwa viwili, ila njia kati yao iwe fupi. Ukitembea dakika nane mpaka kwenye meza, joto utakaloandika ni la matembezi yako. Lenga chini ya dakika mbili, au muda uliotajwa kwenye maelekezo kama upo.

Mwache dereva aondoke kwanza. Hakuna mteja wa kawaida anayechomoa kipimajoto mbele yake. Wakati anageuka, piga picha ya skrini yenye saa inayoonyesha oda imefika. Weka mfuko wima mezani na upige picha muhuri au stika ya kufungia kabla hujaugusa, mbele na ubavuni, kisha risiti iliyobandikwa, karibu kiasi cha kusomeka namba ya oda. Fungua. Picha moja kutoka juu ikionyesha vyombo vyote jinsi vilivyopangwa, kwa sababu mara utakapovitoa hutaweza kuthibitisha kwamba mchuzi ulimwagika njiani na si mezani kwako. Chakula cha moto kipime kwanza: chomeka sindano ya kipimajoto katikati ya sehemu nene, isiguse chini ya chombo, subiri namba itulie, kisha piga picha inayobeba chakula na namba kwa pamoja. Futa sindano, hamia kingine. Vya baridi vifuate, mizani iwe mwisho, kwani uzito haubadiliki wala haupoi.

Kipimajoto kikaguliwe nyumbani kabla: kwenye glasi ya barafu iliyosagwa na maji kidogo kinatakiwa kusoma 0°C. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chakula cha moto kikae juu ya 60°C na cha baridi chini ya 5°C. Hivyo ukipata 57°C kwenye meza iliyo dakika moja kutoka langoni, una jambo la kuandika. Ukipata 57°C baada ya kupanda ghorofa nne na kutafuta ufunguo, huna.

Chukua pia betri ya akiba ya simu, vitambaa vya kufutia, na kijiko kama maelekezo yanataka uonje. Mahali pa wazi penye upepo, mizani ndogo hucheza. Iweke ndani ya sanduku la kadibodi lililolazwa ubavu.

Kazi za kuachiwa mlangoni

Hizi hazina mjadala mrefu: zinahitaji mlango. Dereva atapiga picha ya mfuko ulipowekwa, na fomu itauliza uliwekwa wapi, umeinuliwa kutoka chini au la, alibisha hodi au la. Lango la bustani au kona ya maegesho haiwezi kujibu maswali hayo. Chagua nyumba au ofisi uliyopewa ruhusa, usimame ndani mahali unapoweza kuona au kusikia bila kuonekana, na uandike saa mfuko ulipotua. Saa ya kufungua mlango ni nyingine, nayo iandike. Kama huna mlango kama huo ndani ya eneo la huduma, kazi hiyo iache ipite.

Mambo yanapokwenda kombo

Dereva akipiga simu kuomba mkutane kwingine, mwombe kwa upole aje kwenye pini, na uandike kwamba aliomba. Usisogeze pini oda ikiwa njiani: mifumo mingine hupiga hesabu upya ya nauli na muda, na ulinganisho wa muda ulioahidiwa na uliotumika unapotea. Pokea simu yake upesi. Mteja asipopatikana, programu humwanzishia dereva saa ya kusubiri, mara nyingi dakika chache tu, na ikiisha anaruhusiwa kuondoka huku wewe ukitozwa.

Oda ikionyesha imefikishwa na huna mfuko, kaa pale pale, piga picha ya skrini, piga picha ya mahali uliposimama, kisha mtafute dereva kupitia programu. Fidia usiidai kabla ya kuwasiliana na mratibu. Baadhi ya wenye migahawa wanataka kuona jinsi malalamiko yanavyoshughulikiwa, wengine wanataka uache, na fedha ukirudishiwa na programu huwezi tena kuidai kwa kampuni ya ukaguzi.

Ukikataliwa na mlinzi dakika za mwisho, mahali pa akiba ndani ya eneo lilelile ndipo panapookoa siku. Patafute siku ileile unayotafuta pa kwanza. Umeshafika huko tayari.

Hesabu na kumbukumbu

Kabla ya kukubali, jumlisha ada ya kuletewa, bahshishi, kiwango cha chini cha oda, na nauli yako ya kwenda na kurudi. Kampuni nyingi hurudisha gharama za oda hadi kikomo fulani. Nauli huwa mzigo wako. Mahali pazuri sana palipo mbali hugeuza malipo kuwa sifuri, isipokuwa kama unaweza kuunganisha kazi mbili za upande mmoja kwa safari moja.

Weka jedwali dogo: anwani, namba za pini, matawi yanayofika hapo na kwa programu ipi, saa ulizopima, jina la aliyetoa ruhusa, na tarehe uliyopatumia mwisho kwa kila tawi. Ukaguzi unaofuata wa tawi hilohilo upeleke kwingine. Lakini usifungue akaunti nyingi zenye majina ya kubuni ili kujificha. Programu nyingi zinakataza, na akaunti zikifungwa zote hufungwa pamoja.

Ripoti ikishapita, rudi kwenye programu uondoe anwani uliyotumia au angalau urudishe ya nyumbani kuwa ya kwanza. Programu huikumbuka ya mwisho, na oda yako binafsi ya jioni itakwenda kusubiri kwenye lango la kijani, upande wa pili wa mji.